Boti haikuvuja hata tone

Kwanza niseme mapema nisije nikaonekana namsingizia mtu. Ni mimi mwenyewe niliyempigia fundi simu nikamwambia "ziba matundu yote". Sikusema yote kasoro moja, nilisema yote. Na yule fundi bahati mbaya ni katika wale wachache wanaosikiliza.

Mi ni mtu wa Mbeya, nimekulia Uyole kwenye baridi na viazi, maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya mvua za masika yakipita mlangoni. Sasa mtu kama huyo anatafuta nini na boti ya tanga? Swali hilo mama watoto kaniuliza miezi minne mfululizo na sijawahi kumjibu vizuri. Ilikuwa hivi, nilienda maeneo ya Tukuyu kwa mzee mmoja kutafuta mbao za zamani, kwenye stoo yake nikakuta kitu kimelazwa kifudifudi juu ya magogo, kuku wanatagia chini yake. Mzee akasema ni boti ya mzungu mmoja wa mashamba ya chai enzi hizo, alikuwa anashuka nayo ziwani wikiendi, siku aliyoondoka akaiacha, toka hapo kazi yake ni kutotoleshea vifaranga. Nikaichukua kwa bei ya mbuzi wawili. Kuku tuliwahamisha kwa heshima.

Ndani kulikuwa na mfuko una tanga, na tanga lina mchoro wa kengele. Kengele kabisa, na namba pembeni. Nikaingia Google, kumbe ni aina inaitwa GP14, ilichorwa na Jack Holt kule Uingereza mwaka 1949, hiyo 14 ni futi, na kengele ni ya kijiji cha Aberdovey huko Wales ndo alama yao. Mi nikaona raha kujua hivyo, ila siku nilipolianika uani ili likauke jirani yangu mmoja alisimama kwenye uzio akalitazama wee, akaniuliza kwa upole, "Baba Neema, hili kanisa mnaanza lini?"

Kazi ya kuirudisha hali yake nilifanya mwenyewe jioni nikitoka kazini. Msasa, msasa, msasa. Ukitoa rangi ya bluu unakuta nyeupe, chini ya nyeupe kijani, chini ya kijani kinyesi cha kuku. Skrubu zake ni za shaba, vichwa vimefukiwa puti, basi unachokonoa kwa ncha ya msumari taratibu kama unamtoa mtoto funza, ukishaona mstari wa bisibisi unashangilia, unaweka bisibisi, unazungusha, kichwa kinabaki mkononi na mwili unabaki kwenye mbao. Zilikuwa nyingi hizo. Plaiwudi ya chini ilikuwa imeoza sehemu mbili, nikaenda dukani nikasema nataka marini bodi, yule kijana akaniletea ile nyeusi inayong'aa. Nikamuuliza inakaa majini? Akasema kaka hii ni ya kumwagia zege, ila jina ndo hilo. Jina kweli ni hilo.

Mlingoti ulikuwa mzima, nyaya zake ndo zilikuwa kutu tupu, nikaweka waya ule wa kushikia nguzo ya dishi, mbili za ubavuni na moja ya mbele. Kule juu mlingotini panatakiwa kapi ambayo kamba ya kupandishia tanga inapita, ya zamani ilikuwa imeganda, nikaweka kapi niliyopewa na jirani anayepamba kumbi za harusi, ndo anazovutia vitambaa. Ikumbukeni hiyo kapi.

Sasa kuna kipande kingine nikieleze vizuri maana ndo penye msiba. Boti hizi haziendi kwa kumuomba Mungu tu, katikati kwenye sakafu zina mpasuko mrefu, na juu ya mpasuko kuna kama kisanduku chembamba kimesimama, humo unashusha ubao unaotokeza chini majini, wenyewe wanaita sentabodi. Ule ubao ndo unazuia boti isisukumwe na upepo kiubavu. Tanga linasukuma pembeni, ubao unakataa, boti inakosa pa kwenda inaenda mbele. Mi hilo nilikuwa nalijua, nimesoma, nimeangalia video mpaka bando limeisha. Ubao wenyewe nilikuwa nao, ingawa kwa muda wa matengenezo mama watoto alikuwa kaupenda, mpana, laini, akawa anasukumia chapati. Nilipouchukua ulikuwa unang'aa mafuta na unanukia vizuri kuliko kitu chochote kwenye ile boti.

Ikatokea safari ya kikazi Iringa, wiki nzima. Nikamtafuta fundi mmoja wa faiba, wale wanaounga mabampa ya daladala, nikampa kazi ya chini ya boti. Tukakubaliana nusu mkononi, elfu thelathini iliyobaki nitamalizia boti ikijaribiwa, na ikivuja hata tone silipi. Nikampigia nikiwa Iringa, ndo hiyo simu. Niliporudi boti imelala kifudifudi, rangi nyekundu, inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikapitisha mkono kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi kule nyuma, laini kama shavu la mtoto. Nikafurahi. Sikujiuliza kwa nini ni laini KOTE.

Shemeji yangu ni wa Pangani, kaoa dada yangu, na kila sikukuu tunasikia alivyovuka bahari na ngalawa akiwa na miaka kumi na mbili. Nikamwita. Tukapakia kwenye Fuso lilikuwa linafuata ndizi, boti juu kifudifudi vilevile, tukashuka Tukuyu, Ipinda, baridi tukaiacha nyuma, tulipofika Matema, ufukweni mwa ziwa Nyasa, hata sweta nilikuwa nimesahau linavaliwaje. Dereva akatupeleka mpaka Lyulilo maana ndo alipoweza kugeuzia. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vimepangwa mchangani na watu wamejaa. Kwa hiyo tulipogeuza boti tulikuwa na watazamaji wa kutosha.

Nikasimamisha mlingoti, nyaya nikakaza, nikachukua sentabodi nikaitumbukiza kwenye kisanduku chake mbele za watu kwa madaha kama daktari anayechoma sindano. Ko! Ikagonga. Nikatoa, nikarudishia. Ko! Nikachungulia. Chini kule nikaona nyekundu, safi, imepigwa faiba mbili na rangi juu.

"Shem," nikamwambia kwa sauti ya chini, "fundi kaziba tundu la ubao."

Shemeji akachungulia na yeye. Akasema, "Mbona kazi nzuri? Boti gani inatobolewa katikati? Sisi Pangani hatuna hayo."

Hapa ndo nilitakiwa kupakia boti nirudi zangu Mbeya. Ila kulikuwa na watoto kama thelathini, mama mmoja kaacha kuuza anatuangalia, na mzee mmoja mvuvi kakaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake kakunja mikono, sura ya mtu aliyelipia kiingilio. Nikasema tunaenda. Koti la kuokolea lilikuwa moja, akavaa baharia. Mimi nikajifunga dumu tupu la lita ishirini.

Asubuhi ile upepo ulikuwa unashuka kutoka milima ya Livingstone, tukapandisha tanga, kengele ikafunguka, boti ikaondoka yenyewe. Aisee acheni tu. Ule ukimya, maji yanasema chwa chwa chwa chini ya mbao nilizozipiga msasa mwenyewe, watu wanapungia mikono, chini mkavu kabisa. Nilitaka kulia. Kama dakika ishirini hivi nilikuwa mtu mkubwa sana.

Tukasema sasa tugeuze. Tukageuza, omo ikatazama Lyulilo vizuri, tanga limejaa, ila Lyulilo inazidi kuwa ndogo. Tunatazama kaskazini tunaenda kusini, kiubavu, kama kaa. Ngalawa ya shemeji tumbo lake refu na jembamba linakamata maji lenyewe, hii yetu chini ni sahani. Yeye akaanza kupiga kelele, "Joshi! Lete joshi!" Mi nikageuka kumtafuta huyo Joshi ni nani, si tuko wawili? Akanifokea kwamba joshi ni upande upepo unakotoka, nikamwambia sasa ungesema hivyo toka mwanzo, akasema "Fungua demani!", nikamuuliza demani ndo nini tena, akasema kamba ya tanga, ikawa darasa la Kiswahili katikati ya ziwa Nyasa.

Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Hapa kina kiasi gani?"

Nikamwambia sehemu nyingine linafika mita mia saba. Akakaa chini.

Wazo la ubao lilikuwa langu na bado nalitetea. Nilisema kama haupiti katikati tuuninginize ubavuni, mtu aushike kwa mikono, kazi ni ileile. Na ilifanya kazi jamani! Shemeji akauzamisha upande wa chini ya upepo akaukumbatia, boti ikaanza kupanda mbele, naiona kabisa inapanda. Kisha mafuta ya chapati yakaingia kazini. Ubao ukamchomoka kama kambale, ukaibuka mbali kule, ukaenda zake.

Tumekaa pale mpaka karibu saa sita. Upepo wa mlimani ukafa, kimya, halafu upande wa kusini ziwa likabadilika rangi, likawa jeusi lenye vipele, na mwera, ule upepo wa kusini, ukaja. Mwezi wa saba mwera hauji kwa hodi. Tanga likapiga paa! boti ikanyanyua pua, ikaanza kukimbia kurudi tulikotoka, na upepo ukiwa mgongoni sentabodi haidaiwi sana, usukani unatii. Shemeji akarudiwa na ubaharia wake, akaanza hata kuimba. Tukakaribia, nikaona pengo zuri mchangani, nikalenga, nikamwambia shusha tanga.

Akalegeza kamba. Tanga halikushuka. Akavuta, halikushuka. Kapi ya harusi imemeza kamba, imekaza. Na kwenye lile pengo kukaingia mtumbwi. Nikakata kushoto, na kushoto kuna vyungu.

Wale kina mama baadaye walisema waliona kengele inakuja juu ya maji wakajua ni ugeni wa kanisa, wengine walishasimama kupokea. Walivyoona haupunguzi mwendo wakakimbia. Boti ikapanda mchanga kwa heshima zake zote, ikaingia katikati ya mafungu, na mlio wake siwezi kuuandika. Vyungu kumi na moja. Nilivihesabu mwenyewe, kipande kwa kipande, mama mwenye mali kasimama juu yangu kashika kiuno, na mimi bado nina dumu mgongoni. Tukakubaliana elfu arobaini. Watoto wawili wakaja na mtumbwi wameuokota ubao wetu, nao wakataka yao, nikatoa elfu mbili. Yule mzee mvuvi alikuwa hajabanduka pale kwenye ukingo wa mtumbwi. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Kesho mnatoka tena saa ngapi?"

Jioni nimekaa mchangani nasubiri Fuso, simu ikaita. Fundi.

"Bosi, nasikia mmeijaribu. Imevuja?"

Nikainuka nikaenda kuchungulia ndani ya boti. Vumbi la msasa bado lipo kwenye kona, kavu.

"Haijavuja," nikasema.

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Basi nirushie ile thelathini yangu. Na ya kutolea."