Aliyevaa Lipiko Naye Apewe Maksi Zake

Msimu wa tathmini ya ngoma ukifika kwenye shule na vyuo vya huku kwetu Mtwara, malalamiko ni yale yale. Kundi limecheza sindimba, ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno, watu wamepiga vigelegele, halafu maksi zikitoka aliyekuwa mbele anakata kiuno kazoa za juu, wengine wamegawiwa za kufanana. Wapiga ngoma, ambao bila wao hicho kiuno kisingekuwa na pa kushika, wamehesabiwa kama viti vya ukumbini. Sindimba imezunguka nchi nzima tangu kikundi cha ngoma cha taifa kiichukue baada ya uhuru, ndiyo maana kila jaji anadhani anaijua, na anachokijua ni kiuno.

Hata hivyo simlaumu sana mkufunzi. Onyesho ni dakika chache, wachezaji ni wengi, na ripoti anazoletewa zote zinasema "tulishirikiana vizuri na tulifanya mazoezi kwa bidii". Sentensi hiyo angeweza kuiandika hata aliyekuwa amelala bwenini.

Ninachotaka kusoma kwenye daftari la mwanafunzi, anamoandika alichochangia mazoezini, ni kitu cha namna hii: "Tulikuwa tunaingia mstari mmoja, wa nyuma wakawa wanachelewa mpigo. Nikashauri tuingie mistari miwili kutoka pembe mbili, na ngoma kubwa itupe ishara ya kugeuka. Wenzangu wakakubali mistari, ishara wakaikataa, tukatumia filimbi." Hapo namwona mtu. Wazo lake nusu limekataliwa, na bado ushahidi umenoga. Akiambatanisha video fupi ya simu ya mazoezi hayo, sauti yake ikisikika anaelekeza, inamfaa kuliko video ya onyesho, maana siku ya onyesho kila kitu kimeshalainishwa.

Kuna wanaosema kujiandika "mimi, mimi" ni majivuno, ngoma ni ya wote. Sawa. Basi andika na ya wengine: hatua hii nilifundishwa na bibi mmoja wa Newala, mimi nimeipunguza kasi ili wenzangu waiweze. Bibi kapata heshima yake, na wewe tumejua ulichoongeza.

Pagumu ni kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde; kinyago kimoja ndicho lipiko. Mchezaji amevaa kichwa cha mti, mwili mzima umefunikwa nguo, na kwa mila za Kimakonde hatakiwi kujulikana. Wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawakutakiwa hata kujua kwamba mle ndani mna mtu. Sasa mlete kwenye mtihani: jina gani litaandikwa? Wapo wanaomvua lipiko mbele ya watu ili majaji wamwone. Kwangu huo ni uharibifu. Siri ibaki uwanjani, daftari alisome mkufunzi peke yake. Na ya jandoni au unyagoni yasiyosemwa hadharani, simu izimwe. Eleza hatua na mpigo, inatosha.

Mkufunzi naye ana sehemu yake. Daftari alidai mazoezi yakiwa yanaendelea, alipitie, atie sahihi na tarehe. Akisubiri siku ya onyesho ataletewa mwezi mzima wa mazoezi ulioandikwa usiku mmoja, wino ule ule, na ukurasa wa kwanza bado unanukia kalamu.