Mamba Si Samaki: Ugomvi Wangu na Brashi ya Magamba

Mwaka jana mteja mmoja wa Kampala alinipigia simu akitaka mchoro wa fulana za mkutano wa ukoo wao. "Tuchoree mmamba," akasema, "awe kama yuko hai." Mimi ni mtoto wa Arua, Kiswahili nimekikuta nyumbani, na ile M ya pili ilinipita. Nikainama juu ya simu siku tatu nikachora mamba: meno, mkia, jicho la njano. Nilipomtumia, alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Ssebo (yaani bwana), hii ni goonya."

Kwa Waganda, mmamba ni kamongo, yule samaki wa matopeni anayepumua hewa. Goonya ndiye mamba wetu.

Nilicheka sana. Lakini nilipoutazama mchoro mara ya pili, kicheko kikaisha. Huyo mamba wangu nilikuwa nimemvika magamba ya ngege, yule samaki tilapia, mwili mzima, kama wale wanaoparuliwa kule soko la samaki la Ggaba. Mteja alitaka samaki, na kwa ngozi nilikuwa nimempa samaki. Kosa lilikuwa la brashi, kile kifaa cha programu ya kuchorea kwenye simu kinachojaza magamba chenyewe. Haya, kosa lilikuwa langu, ila brashi ilinirahisishia kukosea.

Brashi za magamba ziko tele, za bure. Unaburuta kidole, mwili unajaa kwa dakika mbili. Shida ni kwamba brashi ni muhuri tu: haijui mgongo uko wapi wala tumbo liko wapi, na haijui kuwa mwili wa mnyama ni wa mviringo. Gamba likikaribia ukingo wa ubavu linapaswa kuonekana jembamba na kubanana na wenzake. Brashi huyaacha yote saizi moja, na mnyama anatandazika kama kitenge kilichoanikwa.

Ndipo nikaenda zuu ya Entebbe, nikasimama mbele ya mamba mpaka watoto wa shule wakaanza kunitazama mimi badala yake. Mgongoni ana vigae vya pembe nne, vimejipanga safu kwa safu, kila kimoja kimeinuka katikati, na ndani yake mna mfupa. Ubavuni magamba ni madogo, ya duara, yameachiana nafasi. Tumboni ni bapa na laini, ndiyo maana washona mikoba hulitaka tumbo. Ukisogeza picha karibu utaona pia nukta moja nyeusi kwenye gamba, karibu na ukingo wake: hicho ni kiungo cha kuhisi maji yanapotikisika. Nukta hizo chache, zikiwekwa vizuri, hufanya kazi kubwa kuliko brashi nzima.

Usoni ndiko nilikokuwa nikiharibu zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kwamba magamba ya kichwa cha mamba hayaoti moja moja kama ya mwilini, bali ni ngozi iliyopasuka. Mwaka 2024 wenyewe wa Geneva wakajirekebisha: haipasuki, inajikunja. Mamba akiwa bado ndani ya yai, ngozi ya taya hukua haraka kuliko kilicho chini yake, ikakosa pa kwenda. Kwa sisi wachoraji maana yake ni moja: shavu la kushoto halifanani na la kulia. Ukichora upande mmoja kisha ukabonyeza kile kitufe cha kugeuza kama kwenye kioo, umeshachora mwanasesere.

Nyoka ni hadithi nyingine, na kwake mpangilio upo. Chora mistari inayomzunguka kimshazari kutoka kulia, kisha mingine kutoka kushoto, zote zikifuata unene wa mwili. Zinapokatana ndipo gamba linapokaa. Tumboni ni safu moja ya magamba mapana. Kifutu ana mstari ulioinuka katikati ya kila gamba, kwa hiyo hang'ai; chatu gamba lake ni laini, na jua likimpiga hutoa rangi za upinde wa mvua. Ukimng'arisha kifutu kama chatu, mtu yeyote aliyewahi kumkuta shambani atakucheka.

Siku hizi leya ya kwanza, yaani tabaka la kwanza la mchoro, naimaliza kabisa, mwanga na kivuli, bila gamba hata moja. Kama mnyama hana uzito hapo, magamba hayatamwokoa. Leya ya pili ni mistari ya mwongozo, ambayo baadaye naifuta. Magamba yanakuja leya ya tatu, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa kikundi chetu cha WhatsApp: hayachorwi yote. Nayachora kwa bidii pale mwanga unapokutana na kivuli, kwa sababu hapo ndipo kila mwinuko unaonekana. Kwenye mwanga mkali yanamezwa, kwenye giza yanazama. Jicho la mtazamaji linajaza lenyewe. Mamba aliyetoka majini sasa hivi anapata vidoti vikali vyeupe. Aliyekauka ufukweni ana vumbi na hang'ai, kwa hiyo mwachie.

Wenzangu wanasema mteja wa fulana haoni tofauti, na bei ni ile ile. Kuhusu bei wana haki, tena umeme ukikatika na simu ina asilimia 9, hata mimi brashi naifungua. Lakini kwamba haoni, hapana. Huenda hajui kulitaja kosa, ila ataiweka fulana kabatini bila kujua kwa nini.

Kamongo wa watu nilimchora hatimaye. Magamba yake ni madogo na yamefichwa na ngozi, kwa hiyo sikuchora karibu hata moja, nilichora utelezi. Mkutano wa ukoo ulipita salama. Mwezi uliofuata mteja akapiga tena, anataka mwingine wa shemeji yake. Safari hii, kabla hajamaliza sentensi, nikamuuliza: ana miguu au hana?