Maghala ya kale ya mbao England: yageuzwe nyumba au yaachwe wazi?

Mashambani mwa England yamebaki maghala mengi ya kale ya mbao ambayo mkulima hana tena kazi nayo. Mashine ya kuvunia haipiti mlangoni, na nafaka hupurwa hukohuko shambani. Tangu 2014 sheria za mipango ya ujenzi zimelegezwa ili majengo ya shamba yageuzwe nyumba za kuishi kwa urahisi zaidi. Majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria hayamo katika unafuu huo, ila mwenye jengo anaweza kuomba kibali, na mengi yameshageuzwa. Je, huko ni kuyaokoa au kuyamaliza?

Tuangalie kwanza kinachobishaniwa. Ghala la Harmondsworth, magharibi mwa London, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow, lilijengwa 1426 hadi 1427 kwa ajili ya Chuo cha Winchester, kilichomiliki shamba hilo. Lina urefu wa karibu mita 60, upana wa mita 12 na kimo cha mita 11. Nguzo za mwaloni zimesimama safu mbili juu ya mawe, unyevu wa ardhi usizifikie, na paa limebebwa na kenchi 13. Katika ujenzi wa aina hii ulimi wa boriti moja huingia kwenye tundu la nyingine, kisha hupigiliwa kigingi cha mbao. Seremala waliunganisha fremu chini kwanza, wakachonga alama za namba kwenye kila kiungo, wakaifungua na kuisimamisha. Mbao nyingi za wakati huo bado zipo. Ukisimama katikati unaliona jengo zima, sakafu hadi kileleni. Mshairi John Betjeman aliliita kanisa kuu la Middlesex, jina la kale la eneo hilo.

Wanaotetea kugeuza wana hoja nzito. Jengo la mbao lisilo na mtu huoza: kigae kimoja kikitoka, maji hupenya, na ncha ya boriti huanza kulika bila mtu kujua. Ghala la Coggeshall, Essex, la watawa wa karne ya 13, lilifikia hali ya kubomoka kabla halmashauri ya wilaya haijalitwaa kisheria mwaka 1982 na kulikarabati. Mwenye nyumba anayelala chini ya paa hilo angeziba tundu wiki hiyohiyo. Tena watu wanahitaji makazi.

Lakini nyumba inataka vyumba, na vyumba ndivyo vinavyoliua ghala. Hujengwa ghorofa katikati ya nguzo, ngazi hukatiza boriti, paa hutobolewa madirisha, na vizuia baridi hufunika viungo. Mbao zinabaki, ila ule uwazi ambao seremala walihangaika nao unapotea, na haurudi. Wanaosema umbo la nje limehifadhiwa wanahesabu ganda tu.

Kwa maoni yangu, maghala makuu yenye safu mbili za nguzo yasiguswe kabisa. Yanunuliwe na umma mapema. Harmondsworth liliuzwa kwa English Heritage, wakati huo shirika la serikali la kutunza majengo ya kihistoria, mwaka 2011 kwa pauni 20,000, bei ambayo hainunui hata gari jipya la kifahari. Gharama kubwa iko kwenye matengenezo, hilo ni kweli, na ndiyo maana serikali isiikwepe gharama hiyo.

Madogo ni habari nyingine. Mengi yana milango miwili mikubwa inayotazamana; katikati yake ndipo nafaka ilipopurwa, upepo ukipita na kuondoa makapi. Hayo nayakubali yawe nyumba, kwa masharti: sehemu hiyo ya kupuria ibaki wazi hadi paani, vyumba visogezwe ncha mbili, mwanga uingie kwa vioo kwenye milango ileile ya kale, na fundi atakayeleta ngazi aitafutie njia isiyokata ulimi wa boriti hata mmoja.