Ozoni ya chini si ile ya juu
Makala yenu kuhusu hewa chafu imeeleza vizuri madhara ya moshi wa magari, lakini gesi ya ozoni imeitaja kama kinga dhidi ya jua kali tu, ikaishia hapo. Naomba niongeze, maana hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Ozoni inayotukinga iko juu sana, kilomita 15 hadi 35 hivi. Hii tunayoivuta puani ni gesi ileile, ila mahali pake si hapa. Wala haitoki moja kwa moja kwenye bomba la moshi: oksidi za nitrojeni, yaani gesi zilizomo kwenye moshi huo, hukutana na mvuke wa petroli na wa rangi za kupaka, jua kali likavipika, ozoni ikazaliwa. Ndiyo maana huzidi alasiri, hata siku ambayo anga linaonekana safi kabisa! Mwenye pumu anabanwa kifua, na mtoto anayecheza nje anakohoa. Barakoa ya kitambaa haizuii, kwani hii ni gesi, si vumbi. Mimea nayo huumia, hasa ngano na soya, mavuno yakapungua. Wanaotangaza utabiri wa hali ya hewa watutajie na kiwango cha ozoni kila siku, mgonjwa ajue kama atoke asubuhi au abaki ndani.