Nusu ya Hadithi ni ya Mchoraji

Anayeandika kitabu cha picha kwa mara ya kwanza hukosea kwa kuandika kila kitu. "Amani, mwenye shati jekundu, alisimama kando ya matatu ya buluu huku mvua ikinyesha." Mchoraji akishachora matatu, mvua na lile shati, sentensi hiyo haina kazi tena. Mtoto ameshaona yote kabla mama hajafika kwenye nukta. Linalobaki kwa mwandishi ni lile ambalo jicho haliwezi kuliona: neno alilosema Amani, harufu ya mahindi ya kuchoma, baridi ya soksi zilizolowa. Kwa maoni yangu kazi hii ni ngumu kuliko hadithi fupi ya watu wazima, na raha yake imo humohumo, katika kufuta mpaka libaki lile ambalo bila neno halisemeki.

Kabla ya kumtafuta mchoraji, tengeneza kitabu cha mfano. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, uzitie pini kwenye mkunjo. Hizo ni kurasa 32, kiasi kilichozoeleka, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16. Ukitaka kupunguza gharama, fanya 24 au 16. Kurasa za kitabu cha pini lazima zigawanyike kwa 4, la sivyo utalipia kurasa tupu. Ondoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, utabaki na takriban jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Bandika maneno yako humo kwa gundi. Jozi tatu zikifuatana watu wamekaa wakizungumza sebuleni, hadithi imesimama. Mchoraji hana la kuchora.

Kisha kuna lugha, na hapa ndipo wengi wa Nairobi tunapojikwaa, kwa kuwa tunafikiria hadithi kwa Kiingereza halafu tunaivisha Kiswahili. Kipimo cha kitabu cha picha kinachotajwa mara nyingi, "maneno yasizidi 500," kilitoka katika lugha nyingine. "Walipomkaribisha" ni neno moja lenye silabi nane, na mtoto wa Gredi ya Kwanza ataishiwa pumzi katikati yake. Hesabu silabi. Vina navyo vina mtego wake. Vitenzi vyetu vingi huishia na -a, kwa hiyo kufunga mstari mmoja kwa "alicheka" na wa pili kwa "alilala" si kupanga vina. Kina ni silabi nzima: "alicheka" hukutana na "alifika."

Lakini tuna tanakali za sauti, na sielewi kwa nini tumeziachia karatasi za mtihani. Kitu kikianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu. Andika kwenye ukurasa wa kulia: "Embe likaponyoka, likaanguka..." Mtoto anafunua: "Tapwi!" Ameshajua liko wapi kabla hajaitazama picha. Kitabu kizima kinaweza kusimama juu ya mchezo huo, na hakuna tafsiri itakayokupa.

Ukimpata mchoraji, andikianeni mkataba. Lipa kwa awamu: michoro ya penseli, kisha rangi, kisha faili za mwisho. Mabadiliko makubwa yafanyike kwenye penseli, kwani kumwambia apake upya jozi sita zilizokwisha ni kumwonea. Faili ziwe na pikseli 300 kwa inchi, rangi nne za uchapaji (CMYK: samawati, majenta, njano na nyeusi), na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa. Uso usiangukie kwenye mkunjo. Maandishi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi nne, herufi ndogo hutoka na ukungu. Tena, kioo cha kompyuta hung'aa, karatasi haing'ai. Ngozi ya kahawia iliyopendeza kwenye skrini inaweza kutoka nyeusi tii, macho na tabasamu vikapotea. Hao ni watoto wetu, na wanastahili kuonekana. Usiidhinishe kazi, iwe kwa wachapaji wa River Road au wa Eneo la Viwanda hapa Nairobi, kabla ya kuona nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika.

Fedha ni chache. Chukua mrabaha wa asilimia 10 kwenye kitabu cha shilingi 300: ni shilingi 30, na mkigawana sawa na mchoraji unabaki na 15. Tangu 2013 mnunuzi anatozwa kodi ya VAT juu ya kitabu, leo asilimia 16, jambo ninaloliona ni kosa kubwa katika nchi inayotaka watoto wasome. Ukijichapishia, kuandaa mitambo ya kiwanda kabla ya kuchapa kunagharimu sawa kwa nakala 100 na kwa 2,000. Kwa hiyo, kwa idadi ndogo uliza uchapaji wa dijitali, usiohitaji maandalizi hayo.

Kitabu kile cha mfano, chenye gundi na pini, kipeleke chekechea kabla hata rangi haijaguswa. Soma kwa sauti, ukiwatazama watoto kuliko karatasi. Wanapoanza kuchezea viatu, weka alama ya penseli. Hapo pana sentensi ya kukata. Siku inayofuata rudi na kitabu kilekile. Ukifika kwenye embe nyamaza, uache ukurasa bila kuufunua, uone ni wangapi watakaopiga kelele "tapwi!" kabla yako.