Tuma na ya kutolea

Wiki iliyopita nimerudi kazini saa tano usiku, nimechoka, nikakaa kwenye kochi nikafungua ile programu ya kumfundisha mwanangu kusoma, nataka kuangalia ameishia wapi, nikakuta kitufe kipya ambacho miaka miwili yote hakikuwepo. Kimeandikwa kwamba ukilipia kwenye tovuti yao ni dola 9.99 kwa mwezi. Mimi hapo nalipa 12.99 kupitia simu. Kila mwezi, miezi ishirini na nne. Nikapiga hesabu palepale, dola 72.

Dola 72 haziniui, naomba niseme mapema kabla hamjaanza. Kilichoniuma ni kingine. Niliwaandikia wenye programu nikawauliza, sasa hii bei ya chini ilikuwepo siku zote? Wakanijibu vizuri tu, ndiyo ilikuwepo, ila kanuni za duka la programu la Apple, lile la simu za iPhone, zilikuwa zinawakataza kuweka ndani ya programu linki au hata sentensi ya kumwambia mteja kwamba kwingine ni nafuu. Yaani bei ipo, tofauti ipo, muuzaji anaijua, mwenye duka anaijua, na mtu pekee asiyejua ni mimi ninayetoa hela.

Nikamkumbuka Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam. Nyie mnamjua Mangi, kila mtaa una wake. Unaenda kuchukua mchele kilo mbili na mafuta, unamwambia nikulipe kwa lipa namba, anakujibu bila hata kukuangalia, "kama una keshi nikupunguzie, huko wananikata". Maneno sita tu, umeshaelewa biashara yake nzima, unaamua mwenyewe. Sasa jaribuni kufikiri kuna mtu anammiliki Mangi kibanda chake, anamwambia ukifungua mdomo kuhusu keshi nakufukuza, na wewe Mangi utalipisha kupitia mimi tu, na kwenye kila elfu kumi nachukua elfu tatu. Mtaa ungewaka moto siku hiyohiyo. Huku Marekani watu wameishi hivyo miaka na miaka kwenye duka la Apple, na wengi wala hawajui, ukiwaambia duka linakata asilimia 30 wanakuuliza asilimia 30 ya nini.

Na hili ndo nataka kulisema leo, kwa sababu nimeishi kote kuwili. Sisi kwetu tunakatwa, tena tunakatwa vibaya, lakini tunakatwa macho yakiwa wazi. Nikimtumia mama elfu hamsini ujumbe unakuja na kila kitu, kilichotumwa, makato, salio jipya. Ndo maana tuna sentensi ambayo nimejaribu kumweleza mwenzangu wa kazini hapa Houston nikashindwa kabisa: "tuma na ya kutolea". Ndani ya hiyo sentensi kuna jedwali zima la makato, mama analo kichwani, anajua akitoa elfu hamsini kwa wakala atapungukiwa shilingi ngapi, na anajua nani anapaswa kuibeba hiyo gharama, ambaye ni mimi. Bibi yangu hakuwahi kukaa darasani na alikuwa anajua mpaka wa elfu tisa na elfu kumi kwenye ada za kutoa kuliko karani wa benki. Mwaka 2021 serikali ilipoweka ile tozo ya miamala Julai, nchi nzima ilipiga kelele, kwenye daladala, misikitini, makanisani, na Septemba hiyohiyo wakaipunguza kwa asilimia 30. Kwa nini watu walipiga kelele? Kwa sababu waliiona! Ilikuwa imeandikwa kwenye simu zao. Huku makato yamemezwa ndani ya bei, huwezi kugombana na kitu usichokiona.

Sasa najua mtaniambia, we si ndo ulisema Marekani kila kitu kipo wazi, mara haki za mteja, mara risiti. Nilisema na bado nasema. Risiti ya dukani hapa inakuonyesha kodi mpaka senti ya mwisho. Lakini kwenye simu mambo yalikuwa tofauti, na ilibidi kampuni nyingine kubwa iende mahakamani ndo sisi wadogo tujue.

Kwa ambao hamkuifuatilia: Agosti 13, 2020 Epic, wale wenye mchezo wa Fortnite, waliweka njia yao ya malipo ndani ya mchezo. Kifurushi cha dola 9.99 ukilipa kwao moja kwa moja ni 7.99. Siku hiyohiyo Apple wakautoa mchezo dukani, na Google vilevile, na siku hiyohiyo Epic wakawashtaki wote wawili. Kesi ya Apple ikasikilizwa Oakland, California, Mei 2021, jaji anaitwa Yvonne Gonzalez Rogers, hukumu ikatoka Septemba. Na hapa nataka kuwa mkweli maana nimeona watu wanaisimulia kishabiki: Epic walishindwa karibu kila kitu. Madai kumi, tisa yakaenda kwa Apple. Jaji hakusema Apple wanahodhi soko, alisema halikuthibitishwa. Ila dai moja likasimama, kwa sheria ya California ya ushindani usio wa haki, kwamba huwezi kumzuia muuzaji kumwambia mteja wake kuna njia nyingine ya kulipa. Basi. Hilo la Mangi. Katika kesi yote hiyo na mawakili wote wale kilichobaki ni haki ya Mangi kufungua mdomo.

Mnadhani wakatii? Rufaa zikaenda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, Januari 2024 ikakataa kuisikiliza, amri ikawa lazima itekelezwe. Apple wakasema sawa, wekeni linki, ila mteja akibonyeza akaenda kununua nje ndani ya siku saba, mtatupa asilimia 27. Asilimia 27 ya mauzo ambayo hayakufanyika kwao! Na muuzaji bado ana gharama za kadi juu yake, kwa hiyo anatoka palepale au pabaya zaidi, halafu mteja akibonyeza linki inamjia skrini nzima ya onyo utafikiri anaingia kwenye pango la majambazi. Ni sawa na kumwambia Mangi haya ongea, pokea keshi, ila nitakuja jioni kuhesabu droo yako.

Jaji alikasirika. Aprili 30, 2025 akaandika kwamba walikiuka amri yake kwa makusudi, kwamba mmoja wa wakubwa wao wa upande wa fedha alidanganya chini ya kiapo, akapeleka suala hilo kwa waendesha mashtaka walione kama kuna jinai, na akaamuru kamisheni ya manunuzi ya nje iondoke hapo hapo kwa Marekani. Ndani ya ushahidi ilionekana Phil Schiller, mtu wa miaka mingi pale Apple, aliwashauri wenzake watii amri, na Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akaenda na ushauri mwingine. Mwezi uliofuata Fortnite ikarudi kwenye iPhone za huku, na vitufe kama hiki changu vikaanza kuota kwenye programu moja baada ya nyingine. Apple wakakata rufaa. Lakini mimi kitufe changu nimekiona.

Nimekaa na hilo jambo siku kadhaa na ninasema kutoka moyoni, nilijisikia vizuri. Kwamba jaji mmoja anaweza kuiambia kampuni tajiri kuliko bajeti zetu zote za Afrika Mashariki kwamba umekaidi na leo hii utaacha, na ikaacha, na matokeo yake yanafika mpaka kwenye kochi langu mimi mtoto wa Tabata. Hapo naomba msinielewe vibaya, sisemi wao ni malaika, nimeshawaambia ilichukua karibu miaka mitano. Ila ilifika.

Kuna mtu naye hapo anaandaa jibu, "si uache iPhone, nunua Android". Ndugu yangu, Google naye ana duka lake, na baraza la wazee wa mahakama San Francisco Desemba 2023 lilikubaliana kwa kauli moja kwamba duka lile na mfumo wake wa malipo ni uhodhi haramu. Kwa hiyo ukihama ulikuwa unahamia kwa jirani mwenye kanuni zilezile. Simu nyingi duniani ni duka mbili hizo. Mwingine atasema wana haki, wamejenga duka, wanakagua programu zisije na virusi, wanatunza seva. Nakubali! Nakubali kabisa walipwe. Dalali anapata chake, wakala anapata kamisheni yake na hakuna anayemwonea wivu. Na tangu 2021 wadogo wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka Apple wanaweza kuwakata 15 badala ya 30, hilo nalo niliseme. Mimi sina ugomvi na kulipwa. Nina ugomvi na kuzibwa mdomo. Kama bei yako ni ya haki unaogopa nini mteja akiiona?

Sasa nije kwetu, na hapa najua nitaudhi watu.

Kwenye malipo ya simu sisi tulitakiwa kuwa tunawafundisha hawa. Nakumbuka enzi ukiwa na Tigo na mwenzio Voda, kutumiana hela ilikuwa safari, unapokea ujumbe wa kwenda kutoa kwa wakala kwa namba za siri. Kuanzia 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuunganishwa, 2016 Voda wakaingia, leo mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajui kama kuliwahi kuwa na ukuta. Kenya 2014 mamlaka yao ya ushindani iliwaambia Safaricom mawakala wa M-Pesa wawe huru kuhudumia mitandao mingine, na ikawa hivyo. Hayo ni mambo yaleyale haswa ambayo Marekani wanagombania leo, mlango wa mwenye nguvu kulazimishwa kufunguliwa, sisi tuliyafanya kitambo, kimyakimya, bila mtu wa kutupigia makofi. Ninajivunia hilo na namwambia kila mtu hapa kazini.

Halafu kwenye programu tumelala. Mpwa wangu yuko Mwanza, kijana mzuri, alitengeneza programu ya mitihani iliyopita ya kidato cha nne na majibu yake, kazi ya mwaka mzima, usiku na bando la kuunga unga. Akataka kuuza kwa elfu mbili kwa mwezi. Mzazi wa kule ana nini? Ana pesa kwenye simu, hana kadi ya benki. Kijana akaweka namba yake ya lipa ndani ya programu, kitu cha kawaida kabisa kwetu, programu ikatolewa dukani. Maana masomo ni bidhaa ya kidijitali, kanuni ilikuwa inasema ilipiwe kwa mfumo wa duka. Akaandika kuomba maelezo akajibiwa na barua pepe ya mashine. Sasa hivi anagawa faili kwa WhatsApp, mtu mmoja mmoja, na wengine wanasambaziana bure, ameacha hata kuongeza mitihani mipya.

Nikamuuliza, umeenda kulalamika wapi? Akanicheka. Akasema, "Anko, nikalalamike wapi?"

Tunayo Tume ya Ushindani, sheria yake ni ya 2003. Tunaijua kwa kukamata bidhaa bandia Kariakoo, na ni kazi nzuri, lakini mpwa wangu hakuwahi kufikiri kwamba lile la kwake nalo ni suala la ushindani, na mimi mwenyewe nisingefikiri kama nisingeona kitufe. Afrika Kusini tume yao ilikaa ikachunguza masoko ya mtandaoni, Julai 2023 ikatoa ripoti, na maduka ya programu yamo mle, pamoja na hili hili la kumzuia muuzaji kumwelekeza mteja akalipe kwenye tovuti. Wao siyo Marekani, siyo Ulaya. Ulaya nao Machi 2024 waliwapiga Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa ajili ya programu za muziki, malalamiko waliyapeleka Spotify tangu 2019, na Aprili 2025 nyingine ya euro milioni 500 kwa kosa la ukoo huohuo. Mwingine atasema soko letu dogo, nani atatusikiliza. Watu milioni sitini na kitu, wengi wao vijana wenye simu mkononi, unaita dogo? Tulipigia kelele shilingi za tozo mpaka zikapungua. Hizi nazo ni hela zetu, tofauti ni kwamba ujumbe wake hauji.

Na wale wa "umeshiba huko ndo unatuona tumelala", nimewasikia, kila nikiandika mnasema hivyo. Mimi hapa nafanya zamu mbili na mama yangu anaishi kwa kile ninachotuma, sijatoka nyumbani hata siku moja ila mwili tu. Nikisema tumelala najihesabu na mimi.

Jumapili nimempigia mpwa wangu, tumekaa saa nzima na nusu tukiandika barua kwa Kiswahili, kurasa mbili, tarehe programu ilipotolewa, ile barua pepe ya mashine, wateja aliokuwa nao, na namna wanavyolipa. Ataipeleka tume wiki ijayo, nauli nimemtumia, na ya kutolea.