Kwa Sekela Mbaya

Babu yangu aliwahi kuishi ughaibuni. Ughaibuni yenyewe ni Zambia, na kuishi kwenyewe ni kulala juu ya mapipa ya mafuta, lakini pale kijijini kwetu, juu kidogo ya Tukuyu, hakuna mwenye ubavu wa kumsahihisha.

Na kusema kweli mzee alipita pagumu. Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na haukupita muda Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakiingilia kusini. Ikabidi yapitie Dar es Salaam, kwenye mapipa, juu ya malori, kwa barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Babu alikuwa taniboi. Lori likishindwa mlima, yeye ndiye wa kuruka chini na jiwe, kuliweka nyuma ya tairi kabla lori halijaanza kurudi lilikotoka, na yeye humo humo. Malori yaliviringika, mapipa yalilipuka, watu walikufa. Yeye akarudi na kovu la kiwiko na maneno ambayo miaka hamsini na kitu haikutosha kuyamaliza.

Mwaka jana akaamua yawe kitabu. Jina: Miaka Yangu Juu ya Mapipa. Mwandishi yeye, mchapaji mimi, kwa sababu nina steshenari karibu na stendi ya Tukuyu, kompyuta moja na printa inayokohoa. Miezi minne alikuja kila Jumanne na koti lake la mvua, akakaa, akaongea, nikachapa. Nikamaliza. Kilichobaki ni kutoa nakala arobaini na kuzibana spairo kwa ajili ya mkusanyiko wa ukoo Jumatatu ya Pasaka.

Jumapili usiku, mvua ile yetu isiyojua sikukuu inamwagika, bodaboda ikasimama mlangoni. Babu akashuka amelowa hadi kwenye soksi.

"Mjukuu wangu, kuna jambo. Yule Bahati."

Bahati alikuwa mama mmoja wa Kigoma aliyepika chakula cha madereva pale Mpika, huko Zambia. Kwenye sura ya tano anampa babu uji, halafu blanketi, halafu ushauri. Mimi nilichapa tu. Sasa bibi, aliyekuwa amesomewa sura hiyo na binamu yangu mwenye kiherehere, alikuwa ameuliza swali moja: Bahati ndiye nani?

"Mwondoe," babu akasema. "Mahali pake mweke bibi yako."

"Babu, bibi hajawahi kufika Mpika."

"Sasa atafika."

Bibi anaitwa Sekela. Umeme ulikuwa unazima na kuwaka, nami niliogopa kompyuta isinife mkononi. Nikafungua ile sehemu ya kutafuta neno na kuweka lingine. Tafuta: Bahati. Weka: Sekela. Badilisha zote. Kompyuta ikanijibu kwamba imebadilisha mahali 63.

Hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mama wa watu nilimtaja labda mara tisa. Mimi nikasema kimoyomoyo, kumbe mzee alimpenda hivi. Nikachapa nakala arobaini, nikalala.

Siku yenyewe ilikuwa ya kupendeza. Turubai, spika, ndizi mbalaga za kutosha, akina mama sare ya kitenge. Bibi kakaa mbele kabisa. Mimi huwa ananiita "mume wangu", na siku hiyo alinipungia mkono kabisa. Msomaji alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya mahubiri, mtu ambaye akipewa karatasi husoma kilichoandikwa, hata kama kimeandikwa na kichaa.

"Mwaka 1966," akaanza, "niliSekelaka kupata kazi ya utaniboi."

Watu wakapiga makofi. Kwa Kinyakyusa ukusekela ni kufurahi, kwa hiyo walidhani mzee kachanganya lugha kwa madaha. Mimi peke yangu nilihisi jasho likishuka mgongoni, polepole, kama linatafuta njia. Nilibahatika. Mungu wangu. Niliyakumbuka yote kwa mpigo: kubahatisha, bahati nasibu, na lile neno ambalo babu hawezi kusimulia ajali bila kulianza nalo.

"Kwa Sekela mbaya," mwalimu akasoma, "breki zilikatika Kitonga."

Turubai lote kimya. Mvua tu.

"Kwa Sekela mbaya, pipa moja lilipasuka. Kwa Sekela mbaya tena, dereva alikuwa anavuta sigara."

Nikaanza kujipenyeza kuelekea kwenye spika nichomoe waya. Shangazi akanivuta shati: kaa chini, usipite mbele ya wazee.

"Giza liliingia, tukawa tunaSekelasha njia. Dereva akaniambia, kijana, shika sana neno hili: Sekela haiji mara mbili."

"Kweli haiji," bibi akajibu kutoka kwenye kiti chake.

Babu alikuwa anaangalia migomba kama anaihesabu. Mwalimu akaingia sura ya tano. Huko Sekela akawa mwembamba, mwenye mwanya, anaongea Kibemba kama kazaliwa Mpika, na usiku wa baridi anamfunika babu blanketi. Watu wakageuka kumtazama bibi. Bibi akafunua meno, taratibu, ukoo mzima uone kwamba mwanya hakuna.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe ukurasa wa mwisho.

"Mwaka 1968 bomba la mafuta likafika Ndola, mapipa yakapungua, na Sekela yangu ikaishia hapo. Nikarudi Rungwe, nikamwoa Sekela. Kwa Sekela nzuri, hakuuliza mengi."

Mwalimu akafunga kitabu. Bibi akasimama, akanyoosha kitenge.

"Ndaga fijo, mwalimu," akasema. Kisha akamgeukia babu. "Sasa nauliza."

Walichoongea huko ndani sikukisikia, maana nilikuwa nimeshapanda bodaboda. Nasikia chakula kililiwa vizuri tu, na kwamba nakala zote arobaini ziliondoka. Hata wasiosoma walichukua mbilimbili.

Alhamisi bibi akaja steshenari, peke yake, nakala yake mkononi imejaa alama za kalamu nyekundu. Hakuniita mume wangu. Aliniita "wewe kijana".

"Nimehesabu," akasema. "Sekela mbaya, thelathini na moja. Sekela nzuri, nne. Mimi huyo?"

Nikamweleza. Kompyuta, umeme, Bahati, babu na soksi zake. Nikaahidi kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

"Usirudishe. Huyo mama wa Kigoma abaki huko huko alikotolewa. Jina langu liache. Toa hiyo mbaya, weka nzuri."

"Kila mahali, bibi?"

"Kwani wewe ulichagua?"

Nikatafuta mbaya, nikaweka nzuri, nikahakiki kwanza kwamba Mbeya imepona, nikabonyeza. Toleo la pili liko hapa dukani, jalada jekundu. Ndani yake barabara ni nzuri, tope ni nzuri, malaria ni nzuri, na kwa Sekela nzuri, breki zilikatika Kitonga.